Jiwe Lisilokwaruza

Mji wa Kale, Mombasa
14 Machi 1966

Ndugu yangu Aidarus,

Salamu zangu zikuvukie bahari mpaka Aden, zikukute mzima. Huku kwetu twamshukuru Mungu kwa kila hali.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Nimepewa kazi ya kukata bamba la marumaru. Jiwe nimelipata kwenye ghala moja Shimanzi. Lililetwa kwa meli liwe kaunta ya duka, likavunjika pembe, mwenyewe akalikataa. Msumeno wa marehemu baba, ule usio na meno tunaokatia kwa mchanga na maji, hukata mstari ulionyooka tu. Kazi hii ina mviringo na ina tundu, na nikigusa kwa patasi jiwe lapasuka. Nikakumbuka ulivyojisifu mwaka jana kwamba huko gatini mnakwangua kutu za meli kwa pampu ya maji yenye mchanga, na kwamba mdomo wa bomba ukisimama mahali pamoja hutoboa hata chuma. Nilidhani unatia chumvi. Sasa naomba iwe kweli.

Pampu tunayo. Barnabas, yule fundi wa bara aliyekuwa akija kufuturu kwetu na hali hafungi, yuko Mbaraki kwa watu wanaoosha meli, na mkubwa wake ametukubalia tuitumie Jumapili. Tumejaribu kwenye ile pembe iliyovunjika. Maji yamekata, lakini mkato ni aibu tupu: juu mpana, chini mwembamba, na ubavuni kuna mistari kama mlango uliochanwa na paka. Mwenye kazi alipitisha kitambaa kilicholowa ukingoni. Uzi ukakwama. Akakunja kitambaa akaondoka, na mimi ningependa zaidi anitukane. Shuruti yake ni hiyo moja: kitambaa kisikwame.

Niambie tunakosea wapi. Wa nyumbani wote wanakusalimu.

Nduguyo,
Taib


Mji wa Kale, Mombasa
14 Machi 1966

Ami yangu Sheikhan,

Nakuamkia kwa heshima zote. Barua hii asiione Aidarus.

Mdogo wetu Khairiya ametutoka mwezi uliopita, katika uzazi. Mtoto yu hai, wa kike, na mumewe ametuachia sisi kwa kuwa kwao hakuna wa kumlea. Wajua desturi yetu, Ami: aliye ugenini hapelekewi kifo kwa karatasi akakisoma peke yake chumbani. Hupelekewa kwa mdomo, na mtu mzima, mbele ya watu wa kumshika. Huko Aden mtu mzima wetu ni wewe. Nakuomba umwambie Aidarus, kwa wakati utakaouona wewe kuwa unafaa.

Na kuna jambo la pili, ambalo sikumwambia mtu ila wewe. Wajua mama yetu ndiye aoshaye maiti wa kike mtaani. Hakukubali Khairiya aoshwe na mwingine. Ile benchi ya saruji ya kuoshea, msikitini upande wa wanawake, imelika ukingoni, na walipomgeuza, bega la Khairiya lilikwaruzika pale. Mama aliona ngozi ikichanika. Tangu siku hiyo hali vizuri, halali vizuri, na neno lake ni lile tulilofunzwa wote, kwamba maiti huumia kama aliye hai. Ameniambia: "Taib, nikatie yiwe lisilokwaruza. Nikishaliona, nitalala." Ndiyo kazi niliyomwandikia Aidarus, bila kumtajia ni ya nani wala ya nini.

Mama ameniapisha jina lake lisiwemo katika barua yoyote mpaka Aidarus ajue. Asema hawezi kumsalimu mwanawe na uwongo kinywani. Kwa hivyo naandika "wa nyumbani wote" tu.

Mwanao,
Taib


Aden
11 Aprili 1966

Kaka Taib,

Leo umeniuliza mimi kazi ya jiwe! Barua yako ningeitundika ukutani, ila ukuta wenyewe si wangu.

Sikiliza basi, na usinune. Kwanza, nakujua: umeendesha bomba mbio. Maji yakikimbizwa hukata juu yakaacha chini, ndiyo maana ya ile mistari. Pole pole ndio mwendo, hata Barnabas akipiga miayo. Pili, mmetumia mchanga wa pwani. Ule si mchanga, ni kombe za baharini zilizosagika, laini na zina chumvi. Tafuta mchanga wa mto Sabaki, uoshe, uanike mpaka ukauke kabisa, kwani ukiwa na unyevu hushuka kwa mafungu, na mkato hutoka na mabonde. Tatu, mdomo wa bomba usikae mbali na jiwe. Unene wa kidole watosha. Nne, mwambie Barnabas autazame huo mdomo. Mchanga ukiula ukawa mpana, hata malaika hakati kitu kwa huo.

Lakini ni meza gani hii ya kubembelezwa hivi? Kama ni ya muuza samaki wa Makadara, mwachie hiyo mikwaruzo, samaki wasimteleze.

Khairiya je, bado? Mbona hamsemi? Nimempa baharia mmoja kanga anifikishie kwenu, jozi mbili. Mwambie moja ni ya kumbebea mtoto, asizimalize zote kwa kujishaua harusini. Na Mama mbona safari hii hakuniongezea neno lake mwisho wa barua? Amenikasirikia? Hata akinikasirikia huwa ananisalimu.

Mdogo wako,
Aidarus


Aden
13 Aprili 1966

Mwanangu Taib,

Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nilimjua Khairiya akiwa mtoto wa kuchukuliwa begani. Nimelia, na mzee akilia huchukua muda kunyamaza.

Sijamwambia nduguyo, na nitakupa sababu. Anashika bomba ambalo maji yake hayaulizi nyama wala chuma. Juzi juzi mwenzake, kijana Msomali, alipotewa na mawazo kidogo. Maji yakamwingia kidoleni kwa tundu dogo kama la sindano. Hakikumuuma sana, akaendelea na kazi. Mwisho wake wakamkata mkono. Sasa mimi nimpe Aidarus msiba, halafu kesho asubuhi arudi kwenye bomba lile? Kazi ya meli hii ikimalizika wanamhamishia stoo. Hapo nitamkalisha chini na kumwambia.

Tena mji wenyewe umeharibika. Kila kukicha ni mabomu na askari, na watu hawakai pamoja kama zamani. Kuwapata wa kumshika mtu si rahisi. Huenda pia ni uoga wangu. Nao ninautaja ili usije ukausikia kwa mwingine.

Ami yako,
Sheikhan


Mji wa Kale, Mombasa
22 Mei 1966

Ndugu yangu Aidarus,

Kanga zimefika, zimetiwa sandukuni. Mtoto amezaliwa, wa kike, jina lake Mejumaa. Ana sauti ya kumshinda muadhini, na amefanana na wewe masikio, maskini.

Mchanga wa Sabaki umesaidia. Barnabas amebadilisha mdomo wa bomba, akanilaumu kwa ule wa zamani kana kwamba niliutafuna mimi. Sehemu ya juu ya mkato sasa ni safi. Lakini chini bado ina mistari, tena imepinda kwenda nyuma. Pembeni, bomba likigeuka, maji yanachimba. Na lile tundu ndilo balaa: kila tukianza kulitoboa, jiwe lamenyeka pale maji yanapopiga kwanza. Tumeharibu vipande viwili vya kujaribia, na bamba ni hilo moja, sina jingine.

Si meza ya samaki. Urefu wake ni futi sita na nusu, upana futi mbili na nusu. Upande mmoja umeinuka kidogo, kuna mto wa kichwa, wa jiwe, uliobonyea katikati. Lina mteremko, na kijia cha maji pande zote mbili, kinachokwenda mpaka kwenye tundu upande wa chini. Kingo zote ziwe mviringo, pasiwe na pembe hata moja. Jumapili mwenye kazi alikuja tena na kile kitambaa chake cha bafta. Ilikwama mara mbili. Alikaa kwenye pipa la mchanga, na Barnabas akaenda nje kuvuta sigara kwa kuwa hakuweza kumtazama.

Nisaidie, Aidarus. Wa nyumbani wote wanakusalimu.

Nduguyo,
Taib


Aden
20 Juni 1966

Kaka Taib,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nisamehe yale maneno ya samaki.

Mistari inayopinda nyuma ni kwa sababu maji yakishuka ndani ya jiwe huchelewa. Juu yameshafika, chini yangali njiani yanaburutika. Dawa yake ni kupunguza mwendo mpaka uone aibu, kisha upunguze tena. Ukikaribia kugeuka, anza kupunguza kabla hujafika. Na usisite kamwe ukiwa juu ya mstari, maana ukisita tu, maji yanakula shimo.

Tundu usilianzie kwenye mstari wake. Anzia katikati, kwenye kile kipande kitakachotoka. Kimenyeke hapo kinavyotaka, kisha ulisogeze bomba mpaka mstarini. Na bomba uliinamishe kidogo, ule upana wa juu uangukie upande wa kutupwa. Ubovu ubebwe na kinachotupwa, si kinachobaki. Chini ya bamba laza jiwe jingine bovu, maji yakitoka yasipasue ukingo wa chini.

Ukimaliza, pita mara ya pili kwa mchanga uliochungwa kwa chekecheke ya unga. Halafu uache bomba, usugue kwa mkono na jiwe la kunolea, kwa maji, asubuhi mpaka jioni, siku kadha wa kadha. Mwisho pitisha bafta, kisha pitisha shavu lako. Kata kama unayemkatia unamjua.

Usijisumbue kuniandikia mengi, kaka. Desturi naijua. Ya kusemwa yatasemwa siku yake, na mimi sitakuuliza. Msalimie Mama, kama ilivyo ada. Msalimie Khairiya, mwambie amtunze mtoto na ajitunze yeye, kwa sababu sasa yeye ndiye mwanamke wa nyumba.

Mdogo wako,
Aidarus


Mji wa Kale, Mombasa
28 Agosti 1966

Ami yangu Sheikhan,

Nakuamkia. Jiwe limekwisha. Kila alichosema Aidarus tumekifuata, hata nikamwambia Barnabas tunakwenda kama kobe mgonjwa, naye akasema kobe mgonjwa angekuwa ameshatupita. Tundu limetoka halina hata ufa. Nimesugua kingo mpaka alama za vidole zimenifutika.

Mama alikuja na bafta, akaizungusha jiwe zima, kingo za juu na za chini, na ndani ya tundu. Haikukwama. Hakufurahi, Ami. Nilidhani atafurahi. Aliikunja bafta akasema, "Hili ndilo lingekuwa lake," akaenda zake kumpa mtoto maziwa. Lakini usiku ule alilala mpaka alfajiri, na mimi nikaridhika na hilo. Sasa jiwe limewekwa mahali pake msikitini, upande wa wanawake.

Barua ya mwisho ya Aidarus imenitia shaka. Ameandika kama mtu anayejua, kisha mwisho akamsalimia Khairiya. Umemwambia au hukumwambia? Kama bado, kwa ajili ya Mungu mwambie sasa. Mama hawezi tena kukaa kimya hivi, nami siwezi.

Mwanao,
Taib


Aden
19 Septemba 1966

Mwanangu Taib,

Nimetimiza, na sitaki kazi hii tena katika umri uliobaki.

Meli ile imeondoka, Aidarus yuko stoo. Ijumaa baada ya sala ya alasiri nilimkalisha dukani kwangu. Walikuwapo wanne wa kwetu, nimewachagua wenye mikono yenye nguvu. Nikamwambia kama tunavyoambiana: mwanangu, Mungu amechukua amana yake kwenu.

Akatikisa kichwa, mtulivu kabisa. Akasema, "Najua, Ami. Mama. Nimeshamsomea."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwezi wa sita alisomesha khitma chumbani kwake, akatugawia tende na kahawa. Tulipomuuliza ni ya nani, akajibu ni ya wazee wetu. Kumbe, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa ameyasoma yale maneno ya futi sita na nusu, na kijia cha maji, na bafta, na barua zisizo na salamu za mama. Akajumlisha, akamzika mama yake kimoyomoyo, bila kumwambia mtu, ili wewe usione taabu kumficha.

Nikamwambia, "Mama yako yu hai, Aidarus. Ni mzima."

Alisimama. Alinishika kanzu, akacheka, Taib, uso wote ukawaka, akasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, akawakumbatia wale wanne mmoja mmoja. Na mimi nimekaa, najua furaha ile itafika wapi. Ikafika. Akanigeukia pole pole, akaniuliza:

"Basi nani?"

Sitakuandikia yaliyofuata. Wale wanne walimshika.

Ami yako,
Sheikhan


Aden
2 Oktoba 1966

Kaka Taib,

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, imekwisha.

Nimemzika aliye hai, na aliye kaburini nimempelekea kanga. Nimemwandikia ajitunze. Nimemtania asijishaue. Nikilala nayakumbuka maneno hayo, na sina pa kuyarudisha. Miezi ile yote nilimlilia Mama, na kila nilipochoka kulia nilijiambia, angalau Khairiya yupo, nitarudi nimkute, tutamtaja Mama pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa akinituliza, kaka, naye hayupo.

Halafu Ami Sheikhan aliponiambia Mama yu hai nilifurahi. Nilicheka siku niliyoletewa kifo cha dada yangu. Jambo hilo sijui nilipeleke wapi.

Niambie kitu kimoja, na usinifiche tena. Lile jiwe, yeye hakulipata, si ndivyo? Ami ameniambia habari ya bega. Kama ningelikuwapo, mimi na wewe tungelikata mapema. Najua ni maneno tu. Kurudi siwezi, mkataba haujaisha, na bandari hii sasa hivi kuingia ni shida na kutoka ni shida.

Khitma ile nimemsomea Mama na Mama yu hai. Muulize imekwenda wapi. Na muulize kama amekasirika.

Aidarus


Mji wa Kale, Mombasa
30 Oktoba 1966

Ndugu yangu Aidarus,

Umesema nisikufiche. Hakulipata. Tulichelewa.

Barua yako nimemsomea Mama ukumbini, Mejumaa yuko mapajani pake. Nilitaka kuruka yale ya khitma. Akaniambia nisome yote, nikasoma. Akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, akasema, "Mwanangu kanizika na mimi sina khabari." Halafu akalia, na mimi nikatazama dirishani.

Siku hizi anamfundisha Swabaha kuosha, yule mke wa jirani yetu mwenye mkono mwepesi. Asema mikono yake yeye imeanza kutetemeka. Juzi nilimfuata msikitini nikamkuta amelala juu ya jiwe, na buibui lake, macho ameyafumba. Nikaita. Akafumbua jicho moja akaniambia, "Nyamaa, Taib, nalipima." Akajigeuza ubavu huu, akajigeuza ubavu ule, akainuka akajipangusa. "Halikwaruzi," akasema. Basi tukarudi nyumbani, njiani akanunua mahamri.

Haya yafuatayo ni maneno yake. Ameniamuru niyaandike alivyoyasema, nisiyapambe.

"Mwanangu Aidarus. Sikukasirika. Hiyo khitma ulonisomea, mpe dadako, kwa kuwa mimi siihitaji bado na yeye aihitaji. Na kule kucheka kwako usikuonee haya, ulikuwa wanichekea mimi. Nisikiza sana. Salamu zangu nilizizuia kwa sababu sikutaka kukudanganya, na kumbe kimya changu ndicho kilichokudanganya. Sasa twaagana hivi. Kila barua itakayotoka nyumba hii itakuwa na salamu zangu mwisho wake, hata iwe ya mstari mmoya, hata niwe mgonjwa. Utakapoziona, jua mimi ni hai. Siku usipoziona, usimuulize mtu. Hapo ndipo unisomee."

Mama anakusalimu.

Nduguyo,
Taib


Mji wa Kale, Mombasa
9 Machi 1967

Ndugu yangu Aidarus,

Barua hii nimeipitishia kwa Ami Sheikhan akupe mkononi. Nimemwomba akae nawe mpaka uimalize.

Mejumaa ameanza kutembea. Anashika ukuta wa ukumbi toka mlango mpaka mlango, akifika kwenye sanduku la Khairiya anakaa chini na kulipiga makofi. Jana tulimfungulia. Tumemvika ile kanga yako moja, nyingine tumemtandikia alalie.

Barnabas alikuja Jumanne, akaacha kazi ya siku hiyo Mbaraki, akakaa barazani na wanaume mpaka tuliporudi mazikoni. Hakuna aliyemwambia avue viatu wala asivue, akavua.

Swabaha ndiye aliyeosha. Alipotoka nilimuuliza swali moja tu. Akaniambia maji yalishuka vizuri, na bafta haikukwama popote.

Mejumaa anakusalimu.

Nduguyo,
Taib